Nani Anatwanga kwa Tata Tharcisse

Kapata, 8 Septemba 2024

Yaya Annie,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi. Simu ya nyumbani ni moja, ni ya Tata, na akisimama karibu yangu akingoja nimalize, maneno yote yananikimbia. Hata ningekuwa peke yangu ingekuwa hivyo hivyo, unanijua.

Diploma ya sekondari nimepata. Asilimia si kubwa, lakini nimepita. Sasa niko nyumbani. Wenzangu wengine wamekwenda Lubumbashi kuendelea na masomo, wengine wameolewa. Mimi asubuhi nafagia uwanja, halafu sijui nifanye nini. Tata anakwenda depo ya malori, Mechack na Mignonne wanakwenda shule, na nyumba inabaki kimya mpaka nasikia majirani wakikohoa upande wa pili wa ukuta.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu Mama aende kufua mashuka kule kambini kwa kampuni ya mgodi, sisi tunakula katoni. Kila mwezi dereva Mukalay anatuletea katoni aliyoituma Mama: sadini, sosiji za kopo, tambi za pakiti, biskuti, juisi ya unga. Tunafungua, tunapasha moto, tunakula. Mwanzoni ilikuwa kama sikukuu. Sasa tumbo la Mignonne limekuwa gumu, anakaa msalani analia. Tata naye kichwa kinamuuma kila siku. Nilimsindikiza kituo cha afya. Mama muuguzi akampima presha, akamwambia, "Tata, uache bitu bya mu kopo, iko chumvi mingi. Ule majani, ule samaki, ule bukari. Nyumbani hakuna mwanamuke?" Tata akanitazama, mimi nikatazama chini.

Yaya, mimi sijui kupika. Kila nilipoingia jikoni Mama alinifukuza: "Wewe, enda usome." Wewe, dada mkubwa, ndiye uliyefundishwa. Nataka unifundishe kwa barua, bukari na sombe.

Na usimwambie Mama. Mkataba wake unaisha mwisho wa Desemba, na kwa Noeli atakuja. Kila mara anasema anabaki kule ili sisi tule. Basi nataka akute tunakula, chakula cha moto kilichopikwa hapa hapa, mezani pasiwe na kopo hata moja. Ale kwanza, ashibe, halafu ndipo nimwambie nani amepika. Labda hapo hatasaini tena. Presha ya Tata ni sababu, tumbo la Mignonne ni sababu, lakini ninachotaka hasa ni Mama abaki.

Msalimie shemeji na mtoto.

Mdogo wako,
Fidélie


Lubudi, 19 Septemba 2024

Fidé, mdogo wangu,

Nimecheka peke yangu mpaka mama mkwe akaniuliza kama niko mzima. Wewe uliyeunguza chai, leo unataka kupika sombe.

Haya. Anza na bukari, maana bila bukari Tata atasema hajala hata kama amekula kuku mzima. Maji yachemke. Tia unga wa mahindi kidogo, uwe uji, uache upige mapovu. Halafu changanya unga wa mahindi na wa muhogo, ongeza kidogo kidogo huku unakoroga. Kama mkono haukuumi, bado haijaiva.

Sombe chuma majani machanga ya juu ya muhogo, yale makubwa yaache. Osha sana, kwenu vumbi la malori linashika kila jani. Twanga mpaka usione tena kipande cha jani. Chemsha bila mfuniko, uchemshe na uchemshe, na usionje mapema, sombe mbichi inaumiza watu. Mwishoni ndipo utie mawese, kitunguu, karanga za kutwanga na fretin wakavu wachache, wale samaki wadogo wa ziwani. Hao fretin wana chumvi yao, kwa hiyo kwa Tata usiongeze nyingine.

Utahitaji kinu. Kile cha Mama alinipa mimi siku ninaolewa, kiko hapa jikoni kwangu. Mwambie Tata akununulie kingine, sokoni hapo Kapata kuna wanaouza.

Mignonne atakataa. Usimbembeleze wala usimpige. Weka sahani mbele yake, wewe kula.

Siri yako nimeshika. Niandikie imekwendaje, hata kama umeunguza.

Yaya wako,
Annie


Kambini, 29 Septemba 2024

Mwanangu Fidélie,

Mukalay anawaletea katoni hii. Sosiji ni za Mignonne, usiache Mechack azimalize. Maziwa ya unga nimepata kwenye duka la kambi. Wanatuuzia sisi wafanyakazi vitu vikikaribia kuisha muda wake, lakini hivi bado vizuri, nimetazama kimoja kimoja. Nimevipanga mwenyewe. Vya watoto juu, vya Tata chini, na hapo katikati biskuti ambazo wewe unapenda, ili ukifungua ujue kila mtu nimemfikiria.

Mimi niko. Mashine za kufulia zinanguruma siku nzima, na nikitoka masikio bado yanavuma. Chumbani tuko wanawake wanne, na kila mmoja anageukia ukuta wake. Simu zinakaa kwa walinzi getini. Tunapewa Jumapili tu, na ili upate mtandao lazima upande juu ya lundo la udongo nyuma ya gereji. Ndiyo sababu napenda barua zako. Barua naisoma mara nyingi.

Hapa chakula kinakuja kwenye vifuko vya kupasha moto. Nakula nikifikiri kwamba na ninyi saa hiyo mnafungua kopo nililolishika mimi kwa mikono yangu, na naona kama tumekaa pamoja. Niambie mnakula nini, na nani anakula sana.

Mama yako,
Jeanne


Kapata, 6 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Katoni imefika, asante sana. Tunakula ulivyotuma. Mignonne amefurahia sosiji, Mechack sadini, Tata anasema umetutendea vizuri. Sisi wote wazima. Shule inaendelea. Mvua ya kwanza imenyesha na vumbi limelala kidogo.

Tunakungoja kwa Noeli.

Mtoto wako,
Fidélie


Kapata, 20 Oktoba 2024

Yaya Annie,

Kinu kimefika. Tata alikinunua sokoni Jumamosi ya tarehe 12. Vijana wa pikipiki walikataa kukibeba, basi akakitia begani mwenyewe, mchi mkononi, akapita nacho cité nzima, mtaa hadi mtaa, akisalimia watu. Walitoka milangoni kumtazama. Mzee mmoja akamwambia, "Tharcisse, sasa njo uko mwanaume tena." Tata akacheka, akajibu, "Tutakula, mukubwa wangu, tutakula." Mimi nilichungulia dirishani, nikatamani ardhi inifunike.

Natwanga jikoni nyuma, mlango nimefunga, kwa sababu sitaki mtu anione. Mara nyingine mchi unapiga ukingo wa kinu na majani yanaruka mpaka ukutani. Unajua nyumba zetu zimegusana, kila mtu anasikia. Lakini kusikia si kuona, nikajifariji hivyo.

Sombe ya kwanza ilikuwa na nyuzi kama kamba. Mignonne aliitazama, akaweka mikono nyuma, akasema, "Mi si mbuzi." Mechack akalia kama mbuzi mpaka Tata alipomkazia macho. Mignonne hakula. Kesho yake mchana hakula tena, akauliza sosiji ziko wapi. Nilifanya ulivyosema, niliweka sahani na nikala. Jioni alikula bukari tupu kwa hasira, bila kunitazama. Juzi alichovya kidogo tu pembeni. Leo amemaliza, halafu akadai kwamba hakuipenda.

Sombe ya tatu Tata aliimaliza. Akasukuma sahani kwangu niongeze. Yaya, sikuwa nimewahi kumpa mtu kitu akataka tena.

Vya katoni sikutupa. Nampelekea Mama Kabemba, yule mwenye meza kando ya barabara, naye ananipa makaa na fretin. Nakwenda asubuhi sana kabla watu hawajatoka. Niliporudi mara ya kwanza nilijisikia vibaya, kwa sababu Mama alivipanga vizuri ndani ya katoni. Biskuti nimezibakisha, zile sikuweza kuzitoa.

Kuna kitu kinanisumbua. Nikifika bombani kuchota maji, wanawake wananyamaza. Alhamisi Mama Ngalula, jirani yetu wa ukuta, aliniuliza mbele ya wote, "Mutoto, kule kwenu ni nani iko natwanga vile kila siku?" Niliona haya mpaka masikio yakawa moto. Nikasema, "Sijui, Mama." Wakatazamana, mmoja akaguna, mwingine akasema, "Masikini, wamemukataza kusema." Sikuelewa. Nadhani wananicheka ninavyotwanga vibaya. Sasa nachota maji mchana wakati wa jua kali, kukiwa hakuna mtu.

Mdogo wako,
Fidélie


Kambini, 3 Novemba 2024

Fidélie,

Barua yako nimepata. Mukalay alipofika alikaa nasi kidogo, akatupa habari za Kapata.

Mwezi huu sikutuma katoni. Nadhani mnavyo vya kutosha.

Nataka kujua. Nani anamsuka Mignonne nywele? Tata anarudi kazini saa ngapi siku hizi? Na wewe, je, unaheshimiwa pale nyumbani? Kama kuna mtu anayekutuma kama mtumishi, au anayekusema vibaya, niambie, sitakasirika na wewe. Zaidi ya hapo sikuulizi. Wewe ni mtoto, na kuna mambo mtoto haulizwi.

Uliandika kwamba vyote nilivyotuma mmekula. Ni kweli?

Jeanne


Kapata, 10 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Ni kweli, Mama, tumekula vyote, na tunavyo vya kutosha. Usijisumbue tena na katoni. Tunaweza bila hiyo.

Mignonne namsuka mimi. Tata zamani alikuwa anachelewa depo hadi giza, lakini sasa jua likiwa bado juu yuko hapa, anavua viatu, anauliza kama chakula tayari. Amenenepa kidogo. Akioga anaimba. Ungemwona ungefurahi. Hakuna mtu anayenisema vibaya, na hakuna anayenituma. Ninachofanya nafanya kwa kupenda.

Kwa hiyo usitufikirie sana ukajiumiza. Sisi tumezoea. Siku ya Noeli utaona mwenyewe, kuna kitu kinakungoja hapa. Sasa siwezi kukuambia ni nini.

Jumapili hizi mbili simu yako haikulia. Tata anasema mvua imeharibu mtandao.

Mtoto wako,
Fidélie


Kambini, 17 Novemba 2024

Annie, binti yangu,

Wewe ni mtu mzima, una nyumba yako, ndiyo sababu nakuandikia wewe. Baba yako ameingiza mwanamke nyumbani.

Mukalay ndiye aliyeniambia. Alizungukazunguka kwanza, akauliza habari za mashine, habari za mvua. Nikamwambia, "Mukalay, toa kile uko nacho mu kinywa." Akasema, "Mama Jeanne, mi si mutu wa maneno. Lakini kinu kipya iliingia kwako. Tharcisse njo alibeba, bantu bote baliona. Kila siku kunatwangwa mule ndani, mulango umefungwa, na ule mwanamuke hatoke hata ku bomba. Baliuliza mutoto wako jina lake, akasema hajue."

Unajua kwetu. Binti hanunuliwi kinu akiwa kwa baba yake, anakipata akiolewa, kama nilivyokupa wewe changu. Kinu kikiingia nyumbani kwa mwanaume, kimemfuata mke. Nilipokupa changu nilisema, nikirudi nitanunua kingine. Sasa kimenunuliwa kabla yangu, kwa mikono mingine.

Na zile sosiji. Mukalay alizikuta kwa Mama Kabemba, zimepangwa mezani na sadini na maziwa. Nilinyima tumbo langu kununua zile, Annie. Huyo mwanamke hata hakutaka watoto wale kitu nilichogusa. Nilimwandikia Fidélie, nikamtengenezea njia ya kuniambia. Akajibu kwamba vyote wamekula, kwamba Tata anaimba bafuni, kwamba wao wamezoea. Mtoto ambaye hajawahi kunidanganya amefundishwa kudanganya. Simlaumu. Anakaa nao, lazima aishi nao.

Jumapili nilipanda lile lundo la udongo, nikaitafuta namba ya Tharcisse, nikasimama nayo mpaka wenzangu nyuma wakaniambia kama sipigi niwapishe. Nikashuka. Nilitaka aniambie yeye mwenyewe, bila kuulizwa.

Kampuni inafungua kambi nyingine huko mbali, kupita Mutshatsha, na wanatafuta wa kuhamia. Mwisho wa mwezi tunasaini. Nilikuwa nimesema hapana, nilikuwa nangoja Noeli nirudi moja kwa moja. Sasa nitasaini. Sitakwenda kugombana na mwanamke jikoni kwangu mbele ya watoto. Huku angalau najua kitanda changu ni kipi.

Usimwambie Fidélie. Muache atulie.

Mama yako,
Jeanne


Lubudi, Jumapili 1 Desemba 2024

Fidé,

Soma hii ukiwa umekaa; nimempa dereva wa lori anayelala Kapata leo hii. Mvua iliharibu reli, treni hazikupita, na barua ya Mama nimeipata Ijumaa tu, na simu ya Tata na ya Mama tangu hapo hazipatikani. Amesikia kuhusu kinu. Anaamini Tata ameoa. Kapata nzima wanaamini hivyo. Ndiyo maana walinyamaza bombani. Kwa kutwanga kwako hakuna aliyekucheka, Fidé. Walikuwa wanakuhurumia.

Kosa ni langu pia. Mimi ndiye niliyekwambia ununuliwe kinu, na sikufikiri kitasema nini kikipita barabarani kwenye bega la mwanaume ambaye mke wake hayupo.

Anataka kusaini kwenda kambi ya mbali. Labda amekwisha saini. Nimemwandikia, lakini barua yangu itazunguka. Wewe uko karibu na Mukalay. Andika leo, sema kila kitu, umpe mkononi. Usimtume Mechack. Nenda wewe.

Annie


Kapata, 2 Desemba 2024

Mama,

Huyo mwanamke ni mimi.

Hakuna mwingine. Kinu ni changu, Tata alininunulia ili nijifunze kupika. Mlango nilifunga kwa sababu ya aibu. Mama Ngalula aliponiuliza nani anatwanga nilisema sijui kwa sababu ya aibu, ile ile. Wewe unajua ninavyokuwa watu wakinitazama. Vitu vya katoni nilibadilisha kwa Mama Kabemba, akanipa makaa na samaki. Tumbo la Mignonne lilikuwa linamuuma na Tata alikatazwa chumvi ya kopo. Sikukuambia. Niliandika kwamba tunakula ulivyotuma, na haikuwa kweli. Nilitaka uje Noeli, ule, ushibe, uone kwamba tunaweza kula bila wewe kuteseka huko, na usirudi tena kambini. Hiyo ndiyo siri yangu yote.

Tata hakujua watu wanasema nini. Nilipomsomea barua ya Yaya Annie alikaa kwenye ngazi ya mlango, kofia mikononi. Akasema, "Jeanne aliamini ile?"

Leo asubuhi nilikwenda mwenyewe mahali malori yanapoegeshwa. Madereva walikuwa wengi, wanakunywa chai. Nilisimama mbali mpaka mmoja akasema, "Mukalay, mutoto wa Tharcisse iko nakutafuta, ao iko nakuogopa." Wakacheka. Nikaenda. Sijui sauti ilitoka wapi. Nilimwambia, "Tata Mukalay, mwanamuke ule uliambia Mama yangu, ni mi."

Hakuelewa. Nikamwonyesha mikono yangu, malengelenge ya mchi. Akautazama mmoja, akautazama mwingine. "Weye, mutoto wa masomo?" Nikasema ndiyo. Wenzake wakaanza kucheka, yeye hakucheka. Akasema, "Mama yako alilia mbele yangu, na mi nilisema, vumilia, wanaume njo vile." Akavua kofia, akajikuna kichwa. Akasema lori lake linaondoka sasa hivi, kabla ya zamu yake, na kama bosi atauliza atajua la kumjibu.

Naandikia juu ya boneti ya lori lake, ndiyo sababu mwandiko mbaya. Mama, usisaini. Kama umesaini, waambie ulikosea.

Fidélie


Kambi mpya, kupita Mutshatsha, 15 Desemba 2024

Mwanangu Fidélie,

Mukalay alinikuta nimekwisha saini. Nilisoma barua yako nimesimama kati ya mashuka, nikacheka, na wenzangu wakafikiri ni habari njema. Ilikuwa habari njema. Halafu nikakaa chini.

Nilikwenda kwa mkubwa wa wafanyakazi. Nilimweleza kwamba nilisaini kwa sababu ya kinu. Ni mtu wa Kinshasa, akaniuliza kinu kinahusiana nini na kampuni. Nikaanza kueleza, nikaona haielezeki. Jina langu lilikuwa limekwisha pelekwa, na nikiacha sasa napoteza pesa yote ya mwaka huu, pamoja na ile ya kukupeleka chuo. Kwa waliohamishwa hakuna likizo ya Noeli. Wanasema Juni.

Na Tata nimezungumza Jumapili, mpaka foleni nyuma yangu ikanung'unika. Akasema, "Jeanne, mi nilibeba kinu tu." Nikamwambia najua. Kuna mambo tutayamaliza tukionana uso kwa uso.

Sasa nikuambie jambo lingine, kwa kuwa umeniambia ukweli. Nilipojua ni wewe, nilifurahi, na baada ya furaha likaja jambo ambalo si zuri. Niliona wivu. Kwa miezi yote hii nilikula nikifikiri niko mezani nanyi, kumbe mezani sikuwepo tangu Oktoba. Si kosa lako. Nilikufukuza jikoni ili usiwe kama mimi, na umeingia peke yako bila mtu wa kukushika mkono. Ningependa kuwa mimi niliyekuonyesha.

Katoni sitatuma tena. Nitatuma kitu kingine, ukiniambia nyumba inahitaji nini. Na usinifiche tena, Fidélie. Hata jambo dogo, hata la kuniumiza. Niko mbali, ninachojua ni kile ninachoandikiwa.

Mama yako,
Jeanne


Kapata, 29 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Umeniambia nisikufiche, basi nakuandikia yote.

Noeli ilipita. Baada ya misa Mama Ngalula alikuja bila kukaribishwa, akasimama mlangoni mwa jikoni, akasema, "Lete hii mikono, nione." Akaishika, akaigeuza kama mtu anayechagua viazi sokoni. Akasema ninatwanga kwa bega wakati inatakiwa kutwanga kwa mgongo, akachukua mchi akanionyesha. Tukatwanga kwa zamu, mlango wazi. Alisema pole kwa yale maneno, lakini aliyasema akiwa anatwanga, na sikusikia vizuri.

Bombani wamenipa jina la mke mpya. "Bibi mupya, leo unapika nini?" Nami nacheka nao. Nimejaribu kujibu pia, nilisema, "Napika kile bwana yangu anapenda," wakaangua kicheko mpaka ndoo ikamwagika. Ni mara ya kwanza nimewachekesha watu. Halafu nikabeba maji yangu nikarudi, nikafika nyumbani, na hapakuwa na mtu wa kumsimulia.

Nilipika kuku na sombe na bukari. Presha ya Tata imeshuka, mama muuguzi alimwuliza amekunywa dawa gani. Mignonne halii tena msalani. Nilipika kingi mno. Nilikuwa nimepima kwa macho, na macho yalikuhesabu wewe. Kilichobaki tulikula kesho yake, kimya, kwa sababu kila mtu alijua kwa nini kimebaki.

Chuo bado nataka, lakini kuna kitu nafikiri kila siku: nikienda, nani atapika? Nilianza haya yote ili wewe uweze kurudi, na sasa naona nimefanya iwe rahisi zaidi wewe kuwa mbali. Sisemi hivi kukulaumu. Nimeona tu.

Na la mwisho, ndilo gumu. Ijumaa Mignonne aliniita Mama. Alitaka maji, akaita bila kufikiri, kama mtu anavyoita. Nilimrekebisha. Nilimwambia, Mama yuko kambini, mimi ni yaya, dada yako. Akasema ndiyo, najua. Jana akaniita tena, nikamrekebisha tena, kwa ukali kidogo, akaanza kulia, na Tata akatoka nje.

Leo mchana nilikuwa nakoroga bukari, imekuwa nzito, mikono yote miwili kwenye mwiko na moshi machoni. Mignonne akaja nyuma yangu, akanishika nguo, akaita jina lile lile. Nilijua ameita nani. Nikaitika.

Mtoto wako,
Fidélie